Msomaji Anauliza: Mkimbizi, mwomba hifadhi, mlowezi — nani ni nani?

Barua za toleo hili zimetoka Kondoa, Kibaigwa, Mpwapwa, Kongwa, Katesh, Singida na hapa jijini Dodoma. Zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu aliyetoka kwao akaja kwa watu tumwiteje? Tumejibu kwa kirefu pale ambapo jina likikosewa mtu anaumia, na kwa kifupi pale ambapo hakuna kubwa la kusema.

SWALI: Mgambo wameniletea vijana watatu waliokutwa porini wakiwa hoi kwa kiu. Hawajui Kiswahili. Mgambo wanasema ni wahamiaji haramu, mwenyekiti wa kitongoji anasema ni wakimbizi, tuwahurumie. Kalamu iko mikononi mwangu. Niandike nini kwenye taarifa?
*Mtendaji wa kijiji, Wilaya ya Kondoa*

JIBU: Ndugu Mtendaji, usiandike hata moja kati ya hayo mawili. Yote ni hukumu, na si wewe, si mgambo wala mwenyekiti mwenye mamlaka ya kuitoa. Andika ulichokiona: watu watatu, wanaume, hawazungumzi Kiswahili, uraia wao haujathibitishwa, wamekutwa mahali fulani, tarehe fulani, saa fulani, afya zao ziko hivi. Hata neno "raia wa kigeni" lisubiri kwanza, maana kutojua Kiswahili si ushahidi wa uraia wa mtu.

Tunalisisitiza hili kwa sababu taarifa yako ndiyo ya kwanza. Polisi atanakili kutoka kwako, ofisa uhamiaji atanakili kutoka kwa polisi, na mwendesha mashtaka atasoma kilichonakiliwa. Mstari wa kwanza ukisema "wahamiaji haramu", huko mbele hakuna atakayekumbuka kuuliza kama kuna mmoja wao anayekimbia kuuawa.

Tena sheria imekutaja wewe kwa cheo chako. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mtu anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku zisizozidi 7 tangu aingie nchini, ama kwa ofisa aliyeidhinishwa aliye karibu, ama kwa mtendaji wa kijiji, ama kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa aliyepewa na sheria mamlaka ya kupokea maelezo ya watu. Kwa hiyo mtu akifika mezani kwako akasema anaogopa kurudi kwao, huyo amekwisha kujitokeza. Siku 7 zikiwa zimepita, andika sababu aliyoitoa ya kuchelewa, lakini usimfungie mlango. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, na unazuia kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia nchini bila kibali iwapo amekuja moja kwa moja kutoka kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu ya msingi.

Kabla ya maswali, wahudumie. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila kula asiwekewe sahani ya ugali papo hapo. Aanze na maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi, na zahanati iitwe. Halafu tafuta mkalimani, hata kwa simu. Jaribu Kiamhari, Kisomali, Kirundi au Kifaransa. Uwe mwangalifu na kijana anayejitokeza upesi kuwasemea wenzake, kwa kuwa mara nyingine huyo ndiye mtu wa dalali aliyewasafirisha. Mhoji kila mmoja peke yake, wenzake wakiwa mbali. Maswali matatu yanatosha: umetoka wapi, kwa nini uliondoka, na ukirudishwa unaogopa nini? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Jibu liandikwe kwa maneno yake, hata likiwa fupi kama "watanifunga". Usimwongezee, usimpunguzie, wala usimfundishe la kusema.

Anayeonekana kuwa chini ya miaka 18 mwandike kando na usimlaze na watu wazima. Simu, fedha au karatasi walizo nazo ziorodheshwe mbele yao na wewe uweke saini. Kisha ita polisi na Ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Kama kuna aliyesema anaogopa kurudi, liseme kwenye simu na ulirudie kwenye barua, ukiomba taarifa ifike Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma.

SWALI: Nafundisha Uraia. Vitabu vyangu vinachanganya "mkimbizi" na "mwomba hifadhi" kana kwamba ni kitu kimoja. Nawaelezaje wanafunzi wa kidato cha pili?
*Mwalimu, Dodoma Mjini*

JIBU: Mwalimu, mwomba hifadhi ni mtu aliyevuka mpaka, akaomba kulindwa, na ombi lake halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule aliyetimiza masharti ya ukimbizi. Watoto wakishika hapo wamepata nusu ya somo.

Nusu ya pili ni hayo masharti. Mkataba wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli, yenye msingi, ya kuteswa kwa mojawapo ya sababu tano: rangi au asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au msimamo wake wa kisiasa. Juu ya hayo, awe hawezi kulindwa na serikali yake, au kwa hofu hiyo hataki ulinzi wake. Mkataba huo mwanzoni uliwahusu tu watu waliokimbia matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kuubana ubakie kwa matukio ya Ulaya. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoondoa kikomo cha tarehe.

Afrika iliona tafsiri hiyo haitoshi. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake mjini Addis Ababa, ukaongeza watu wanaokimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa na taifa jingine, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani katika nchi nzima au sehemu yake. Hili lipe muda darasani. Kwa mkataba wa 1951, mama wa Kivu anayekimbia risasi anatakiwa aeleze kwa nini anaandamwa yeye. Kwa ule wa 1969 inatosha kwamba vita vimefika anakoishi. Sheria yetu ya 1998 imezichukua tafsiri zote mbili.

Nani anaamua? Kwa utaratibu wa kawaida, ombi la mtu mmoja mmoja hupelekwa kwenye kamati ya kitaifa iliyowekwa na sheria hiyo. Mwombaji husikilizwa, kamati hupendekeza, na Waziri huamua. Lakini yapo mazingira ambayo kumhoji kila mtu hakuwezekani. Mwishoni mwa Aprili 1994 karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Hapo serikali hulitambua kundi zima kwa pamoja kutokana na hali iliyo wazi kwao watokako, na mtu mmoja mmoja huchunguzwa baadaye ikibidi. Kuchunguza kuna sababu: mkataba unawanyima hadhi ya ukimbizi watu waliotenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, au kosa zito lisilo la kisiasa kabla ya kupokelewa. Ngara ya 1994 ilikuwa na waliokimbia mauaji na walioyafanya, wote kwenye foleni moja ya maji.

Kuna jambo moja wanafunzi hukosea kwenye mitihani. Wanaandika kwamba mtu "anakuwa mkimbizi" siku anayopewa karatasi. Sivyo. Alikuwa mkimbizi tangu masharti yalipotimia, na karatasi inatambua tu kilichokuwapo. Ndiyo maana mwomba hifadhi harudishwi wakati ombi lake linasubiri. Ukimrudisha leo na kesho ikabainika alikuwa mkimbizi, hakuna wa kumpa hiyo karatasi.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Redioni nasikia "kusafirisha wahamiaji" na mara nyingine "usafirishaji haramu wa binadamu". Ni kosa moja lenye majina mawili? Na nikimpa mtu lifti bila kulipwa, nami nimo?
*Dereva, Kibaigwa*

JIBU: Ni makosa mawili, dereva, ingawa moja huweza kuzaa jingine. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki mbili, kila moja na kosa lake.

Kuvusha wahamiaji kwa magendo ni hivi: mtu mwenyewe anataka kusafiri, hana kibali, analipa ili avushwe mpaka. Faida ya mvushaji ni nauli, na wakifika biashara imekwisha. Anayekosewa hapo ni nchi ambayo mpaka wake umevunjwa. Usafirishaji haramu wa binadamu, kwa upande mwingine, lengo lake ni kumtumikisha mtu: kazi ya kulazimishwa, ngono, kuombaomba, utumwa wa nyumbani. Faida inaanza pale anapofika. Anayekosewa ni mtu mwenyewe, na sheria inamhesabu kuwa mwathirika.

Safari moja huweza kuanza kama la kwanza na kuishia kuwa la pili. Kijana wa Ethiopia anayeelekea Afrika Kusini hupita Kenya, akaingia kwetu kaskazini, akashuka kwa barabara hii yenu ya Dodoma na Iringa hadi Mbeya, kisha Tunduma au Kasumulu. Ametoa fedha kwa hiari yake. Akifika katikati ya njia dalali mwingine anamfungia ndani na kupiga simu kwao: tumeni nyingine, la sivyo hamtamwona. Tangu saa hiyo huyo si abiria tena.

Na hata uvushaji wenyewe unaua. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa katika msitu wa Chitego, wilayani kwenu Kongwa. Walikuwa ndani ya lori, wakakosa hewa, na wenzao waliobaki hai wakatelekezwa pamoja na maiti. Watu wengi wakibanana ndani ya bodi iliyofungwa au chini ya turubai lililokazwa, hewa safi inapungua na ile wanayoitoa puani inajaa, joto linapanda, na anayeishiwa nguvu hawezi hata kupiga kelele. Kwa hiyo ukisikia kugonga kwenye lori la mwenzako pale mizani au kituo cha mafuta, usisubiri kujua ni akina nani. Milango ifunguliwe kwanza, kisha piga 112.

Umeuliza pia kuhusu lifti. Itifaki ya uvushaji imejengwa juu ya faida: aliyelipwa ndiye mlengwa wake. Lakini usijifiche hapo. Sheria ya uhamiaji ya nchi inaweza kukubana hata hukulipwa, ikithibitika ulijua unamsaidia mtu kuingia au kupita isivyo halali.

SWALI: Binti wa dada yangu, miaka 15, alichukuliwa na mama mmoja akafanye kazi za ndani Dar es Salaam huku akiahidiwa kusomeshwa cherehani. Mwaka sasa hajalipwa wala hatumpati kwenye simu. Jirani anasema hiyo ni biashara ya binadamu. Mbona hakuvuka mpaka?
*Mama, Mpwapwa*

JIBU: Jirani yako yuko sawa kuogopa, mama. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 haidai mpaka uvukwe. Kosa hili linaweza kufanyika kati ya Mpwapwa na Dar es Salaam, au kati ya mtaa na mtaa.

Huwa linapimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni tendo: kumtafuta, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi mtu. La pili ni njia: uongo, vitisho, nguvu, au kutumia unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya. Kwa mtu mzima yote matatu hutazamwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 njia haina haja ya kuthibitishwa. Hata kama binti mwenyewe alikubali, hata kama wazazi walikubali na kupewa fedha ya sukari, ridhaa hiyo haimwokoi aliyemchukua.

Si kila binti anayefanya kazi za ndani amefanyiwa biashara haramu, na tusiyachanganye. Dalili ni hizi: simu imechukuliwa, haruhusiwi kutoka, mshahara "unawekwa" na bosi, kazi aliyoahidiwa siyo aliyoikuta, na aliyemchukua hataki kutaja anakoishi. Wewe tayari unazo mbili au tatu.

Nenda leo Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Chukua cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki inayoonyesha umri, picha ya karibuni, namba za simu zote za huyo mama hata zilizozimwa, jina la basi na tarehe waliyosafiri, na ujumbe au miamala ya fedha iliyobaki kwenye simu yako. Usifute kitu. Wala usimpigie kumtisha, kwa kuwa wengi wao wakishtuka humhamisha mtoto usiku huo huo.

SWALI: Hapa Kongwa walikaa vijana wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Wajukuu wangu wanawaita wakimbizi. Mimi naona wanawashusha hadhi. Nani yuko sahihi?
*Mzee mstaafu, Kongwa*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Wewe uko sahihi, ila si kwa sababu ukimbizi unashusha hadhi. Haushushi.

Kambi ya Kongwa, iliyofunguliwa mwaka 1964 kwenye eneo lililobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa, ilikuwa ya wapiganaji. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola zote ziliweka watu wao pale. Walikuwa chini ya amri za kijeshi na walijiandaa kurudi kupigana. Hifadhi ya ukimbizi ni ya raia. Mtu aliyeshika silaha hahesabiwi mkimbizi mpaka aiweke chini moja kwa moja na athibitishe kwamba ameacha. "Wapigania uhuru", kama mlivyowaita wakati ule, ndilo jina lao.

Mkataba wa Afrika wa 1969 ulitofautisha mkimbizi anayetafuta maisha ya amani na mtu anayekimbia nchi yake kwa nia ya kuivuruga kutokea nje. Wakati huo huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam, ikiwasaidia wapiganaji hao waziwazi. Hivyo walikuwa na mlango wao, na ukimbizi ulikuwa na wake. Kwa watoto na vijana waliokimbia utawala wa makaburu baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto 1976 na kusomea Mazimbu, Morogoro, neno mkimbizi linawafaa wengi wao bila tatizo.

SWALI: Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, nimetoka Uganda. Mimi ni mhamiaji?
*Mwanafunzi*

JIBU: Kitakwimu, ndiyo, ikiwa makazi yako ya kawaida yamehamia hapa kwa mwaka mmoja au zaidi. Kati ya miezi 3 na 12 unahesabiwa mhamiaji wa muda mfupi. Kiuhamiaji wewe ni mgeni mwenye kibali cha masomo, na hilo ndilo la kuangalia: tarehe ya mwisho ya kibali, si ya ada. Na mhandisi wa Ulaya anayejenga hapa kwa kibali cha ukaazi daraja B ni mhamiaji vilevile, japo mtaani ataitwa "mtaalamu" na fundi wa Burundi mwenye kibali hicho hicho aitwe majina mengine.

SWALI: Baada ya tope la Mlima Hanang tuliitwa "wakimbizi wa ndani", wengine wakasema "wakimbizi wa tabianchi". Mimi nipo nchini kwangu. Mkimbizi kivipi?
*Msomaji, Katesh*

JIBU: Pole sana kwa msiba ule wa tarehe 3 Desemba 2023. Kisheria wewe si mkimbizi, kwa kuwa hukuvuka mpaka wa nchi na serikali yako bado ndiyo inayowajibika kwako. "Wakimbizi wa ndani" limezoeleka, hatulikatai kwenye mazungumzo, lakini kwenye nyaraka ni salama zaidi kuandika "watu waliolazimika kuhama makazi ndani ya nchi". Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unahusu watu hao, na unataja wanaohamishwa na vita, ukiukwaji wa haki na majanga, ya asili au ya kusababishwa na watu.

Faida ya kulijua hili ni kwamba hakuna haki yako iliyokatika. Kura yako, kitambulisho chako cha Taifa, nafasi ya mtoto shuleni na kiwanja chako bado ni vyako. Usingoje shirika la wakimbizi, dai kwa kamati ya maafa ya kijiji na wilaya. Mambo mawili huharibika mapema kwenye maafa ya namna hii. Orodha ikiandikwa kwa kufuata nyumba, wapangaji wanaachwa nje, kwa hiyo dai iandikwe kwa kaya. Na waliopoteza hati wakikaa bila kuripoti, miezi michache baadaye hawana cha kuonyesha, hivyo upotevu wa kila hati uripotiwe polisi mapema.

"Mkimbizi wa tabianchi" hayumo kwenye mkataba wowote kati ya tulioutaja. Ukame peke yake haukupi hadhi ya ukimbizi. Vita vya kugombea maji na malisho vikifuata, na mtu akavuka mpaka, tafsiri ya 1969 inaweza kumfikia. Mfugaji wa Bahi anayeshusha ng'ombe Morogoro kutafuta malisho hahusiki na lolote katika haya. Huyo amehama tu.

SWALI: Wazazi wangu walikimbia Burundi 1972, mimi nilizaliwa Ulyankulu. Wamekwishapewa uraia. Sokoni Majengo bado naitwa mkimbizi, na juzi nimeambiwa ni mlowezi. Mimi ni nani?
*Mfanyabiashara, Dodoma*

JIBU: Kama una uraia, dada, wewe ni Mtanzania, na hakuna kivumishi kinachofuata. Ukimbizi hukoma mtu anapopata uraia mpya na kulindwa na nchi hiyo. Mkataba wa 1951 unalisema hilo waziwazi. Waliokuja 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo ambako sasa ni Katavi. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, na hatua hiyo ni miongoni mwa kubwa za aina yake popote duniani. Tanzania ina haki ya kujivunia, na watu wa sokoni wanastahili kuijua.

Mlowezi ni jambo jingine. Kwenye historia ya shule neno hilo linamaanisha wazungu waliochukua ardhi Kenya au Zimbabwe. Kwenye lugha ya maofisa wetu wa uhamiaji, mlowezi ni mtu aliyetoka nchi jirani zamani, akaweka makazi, akaoa au kuolewa na kuzaa, bila kupata uraia wala kibali, na bila kuwahi kuomba ukimbizi. Ndiyo maana serikali imekuwa ikiwaandikisha katika mikoa ya magharibi. Wazazi wako waliandikishwa kama wakimbizi, hawakuwa walowezi hata siku moja.

Linda karatasi zako. Cheti cha tajnisi cha mzazi kitolewe nakala, nakala hizo zithibitishwe na wakili au hakimu, na cha asili kisitembezwe mfukoni sokoni. Tazama pia kitambulisho chako cha NIDA: mamlaka hiyo hutoa vya aina tatu, cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi. Kama chako kimetolewa kwa aina isiyo yako, rekebisha kabla hujaomba pasi ya kusafiria au mkopo. Na kama ulikuwa umefikisha miaka 18 wazazi walipoomba, usikae ukidhani jina lako lilipita pamoja na lao. Hakikisha.

SWALI: Nasoma habari redioni. Nikiacha kusema "wahamiaji haramu" niseme nini, na wasikilizaji waelewe?
*Mtangazaji, Singida*

JIBU: Sema "wahamiaji wasio na vibali", au "watu walioingia nchini bila kibali" kama hilo limethibitishwa. Haramu ni kitendo. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilivitaka vyombo na mashirika ya umoja huo yaseme, kwenye nyaraka rasmi, "wafanyakazi wahamiaji wasio na vibali", na sisi tuna sababu yetu ya nyumbani ya kukubali: bangi ni haramu, pombe ya gongo ni haramu, na msikilizaji aliyezoea neno hilo kwa vitu vinavyoteketezwa hawezi kulisikia kwa watu bila moyo wake kuwa mgumu.

Kabla hakujathibitishwa kitu, sema idadi, mahali na anayedai: "Polisi wanawashikilia watu 14 waliokutwa Manyoni, wanaodaiwa kuingia nchini bila kibali." Ukiambiwa na ofisa kwamba "ni Waethiopia", muulize amejuaje: kwa pasi, kwa maelezo yao, au kwa sura? Kama ni sura, liache. Usiseme "wakimbizi" kwa huruma tu, kwa kuwa wakipelekwa mahakamani wiki ijayo wasikilizaji watadhani sheria imegeuka. Na kama kituo chako kinaweka picha mtandaoni, ficha sura ya yeyote aliyesema anaogopa kurudi kwao, hata kama mwenyewe ameruhusu upige. Ndugu aliowaacha kule hawakuulizwa.